Mpango wa Milo wa Nyumba ya Saba

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa siku zile ambazo watu wanahitaji vibali. Wewe msomaji huwezi kuijua nchi hiyo. Ukihisi unaijua, kosa ni lako, na ni vizuri uanze kujichunguza mwenyewe kabla hujachunguzwa.

Katika nchi hiyo mimi, Mshangama Kitwana, nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Kazi ya mjumbe ni nyepesi: asubuhi kusalimia watu, mchana kujua nani anapika nini, na alasiri kuandika. Watu wa mtaa wangu walinipenda mno. Nilijua hivyo kwa sababu kila nilipopita walinyamaza wote, ili wanisikilize vizuri, hata kama sikuwa na la kusema.

Serikali yetu ilijali sana furaha. Kila kaya ilipelekwa likizo ya lazima, siku tatu, katika Bustani Kuu ya Furaha ya Taifa. Huko kulikuwa na bembea kubwa iitwayo Maendeleo, ambayo ilipanda tu. Waliotaka kushuka walishuka kwa ngazi. Kulikuwa na treni iliyozunguka uwanja na kurudi pale pale ilipotoka, na abiria walitakiwa kupiga makofi kwa kufika. Kulikuwa pia na Nyumba ya Vioo, ambamo kila mwananchi alijiona mnene. Takwimu za lishe za nchi nzima zilikusanywa humo.

Jambo moja tu liliitia Serikali wasiwasi, nalo ni watu wanaochagua chakula. Waziri wa Shibe alilieleza vizuri sana redioni, kwa saa mbili na nusu. "Ndugu wananchi," alisema, "mtu anayekataa maharage leo, kesho atakataa nini? Sahani ni shule ya kwanza ya utiifu. Tumbo lenye maoni ni tumbo lililotumwa. Na tutalijua limetumwa na nani." Wasaidizi wake walipiga makofi, kisha wakatazamana kuona nani ameacha kwanza.

Basi ikaanzishwa sheria. Kila mtu mwenye umri kati ya miaka mitano na tisini, akienda Bustani, alipaswa kumaliza angalau mlo mmoja kati ya milo tisa, mbele ya mjumbe wake, bila kubakiza. Aliyeshindwa alipelekwa Chuo cha Ulaji Mwema. Chuo kilikuwa mkoa wa mbali, penye hewa safi. Sijapata kukutana na mtu aliyekiona, lakini picha yake ilikuwa kwenye kalenda.

*

Nyumba ya saba katika nyumba zangu kumi ilikuwa ya Sudi Mnyone, fundi wa kushona magodoro, na mkewe Ruzuna. Waliishi na mama yake Sudi, Bi Mwanahawa, na watoto wawili wa kike. Niseme walikuwa wawili. Mkubwa, Nunu, alikuwa na miaka kumi na mitano, na mwaka uliotangulia alipelekwa Chuoni baada ya kukataa uji wa Sikukuu ya Sahani Moja. Alisema una mchanga. Mimi niliunywa uji ule na kweli ulikuwa na mchanga, lakini sikuona sababu ya kulisema.

Niliandika taarifa kama nilivyotakiwa. Sikuwa na ubaya na yule binti. Alikuwa na adabu, aliniamkia kila asubuhi, na niliandika hivyo pia, mstari wa mwisho.

Tangu aondoke, ofisi ilielekeza kwamba Ruzuna asiitwe tena Mama Nunu, kwani mtoto aliyeko Chuoni ni wa Taifa. Aitwe Mama Mashavu, kwa jina la mdogo. Kila mwezi barua ilikuja kutoka Chuoni: "Mzazi mpendwa, mimi mzima. Nakula kila kitu. Wasalimie." Nyumba ya pili nao walikuwa na mtoto huko, na barua yao ilikuwa hiyo hiyo, kwa mwandiko ule ule. Hilo halikunishangaza, kwani Chuo kilifundisha pia mwandiko.

Mashavu alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyekuwa tatizo. Alikuwa hali kitu kilichogusana na kitu kingine. Wali peke yake, sawa. Mchuzi ukiugusa, basi. Yai la kuchemsha alikula endapo amelimenya mwenyewe. Ndizi ikiwa na doa jeusi aliirudisha kwa heshima. Na zaidi ya yote, kabla hajaweka kitu mdomoni aliuliza: "Nani kapika?"

Swali hilo alilirithi kwa bibi yake. Bi Mwanahawa katika maisha yake hakuwahi kula mkono asioujua. Akialikwa arusini alianza kwa kwenda jikoni kusalimia wapishi mmoja mmoja, huku akiwauliza ni watoto wa nani. Akiona uso hauelewi, alirudi ukumbini na kusema ana saumu. Mtaani walimcheka, lakini wenye kumcheka nao walipoalikwa walitazama kwanza yeye anafanya nini.

Barua ya likizo ilipofika nyumba ya saba, nikaipeleka mwenyewe, kwa furaha. Ruzuna aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma amesimama, kisha akakaa chini, hapo hapo mlangoni.

"Mjumbe," alisema, "huyu mtoto unamjua. Hawezi kumaliza sahani ya watu."

"Milo tisa, Mama Mashavu," nikamwambia. "Inatosha mmoja tu. Serikali ina huruma."

"Na akishindwa?"

"Atakuwa na dada yake."

Nilisema hivyo kwa kumfariji. Alinitazama, na macho yake hayakuwa na shukrani yoyote.

*

Kabla ya safari, kila kaya ilijaza Mpango wa Milo. Ni kijitabu cha kurasa arobaini, na hujazwa miezi minne mapema, mjumbe akiwepo. Maswali yake yalikuwa rahisi. Siku ya pili, saa saba mchana, mtoto atakula nini? Atakula kwa muda gani? Atakapokuwa anatafuna, atakuwa anafikiria nini? Taja watu wawili watakaothibitisha.

Tulikaa ukumbini kwao jioni nne mfululizo. Ruzuna alijaza kama mtu anayepita penye miba. Aligundua mapema jambo ambalo wengi hawakuligundua: orodha ya Bustani ilikuwa na vyakula kumi na viwili kwa majina, lakini vyote vilikuwa kitu kimoja. Mseto wa Umoja, Mseto wa Amani, Mseto wa Mshikamano, na kuendelea. Serikali iliona kuwa kuweka wali huku na mchuzi kule ni kujenga utengano. Kwa hiyo wali, maharage, samaki, mchicha na embe vilitiwa katika Mashine ya Kukorogea ya Taifa na kutoka vikiwa na msimamo mmoja.

"Hakuna kitu kikavu hata kimoja?" Ruzuna aliuliza.

"Vikavu vina tabia ya kujitenga," nilimweleza, maana tulisomeshwa semina.

Sudi, mumewe, mtu mpole asiyependa samaki mwenye macho, alikuna kichwa. "Tuandike tumbo la mtoto linapokea mayai tu. Daktari aliandika."

"Daktari yupi?"

"Basi," akasema Sudi. "Futa."

Bi Mwanahawa alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele, hajainua macho. "Mjumbe, mwanangu. Niulize kitu."

"Uliza, mama."

"Huko Bustani anapika nani?"

Nilifungua kitabu cha maelekezo. Kulikuwa na majina ya wasimamizi wa jiko kumi na saba, mkaguzi wa masufuria na naibu wake, mratibu wa chumvi, na kamati ya moto. Mpishi hakutajwa. Nilimwambia kwamba bila shaka jina la mpishi limehifadhiwa kwa usalama wake.

"Mtu anayepika chakula kizuri anaogopa nini?" aliuliza bibi.

Swali hilo niliandika. Aliniona nikiandika, akapuliza mapepe kutoka kwenye ungo na kusema bila kugeuka, "Kikulacho ki nguoni mwako." Methali hiyo pia niliandika, ingawa sikuona ilimhusu nani.

Mwisho Ruzuna alijaza kurasa zote arobaini hivi: mtoto atakula kila kitu, kwa furaha, akifikiria nchi yake. Neno "furaha" lilitoka limepinda. Tuliliacha hivyo.

*

Tulifika Bustani asubuhi ya siku ya kwanza. Mimi kama mjumbe nilipewa kiti kwenye meza yao na daftari lenye mistari ya kijani.

Langoni askari walipekua kikapu cha Bi Mwanahawa na kukuta mayai manne ya kuchemsha ndani ya kanga. Mayai yalishikiliwa kwa mahojiano. Bibi aliulizwa kama yana wenzao. Alijibu kwamba ni ya kuku mmoja na wala hayafahamiani. Aliachiwa kwa sababu ya umri, lakini mayai hayakurudi, na baadaye niliona maganda yake kwenye kibanda cha walinzi.

Ukumbi wa chakula ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wa mpira. Upande mmoja palikuwa na ukuta mrefu, na katikati ya ukuta kidirisha chenye pazia la bati. Chakula kilitoka hapo na sahani zikarudi hapo. Nyuma yake zilisikika sufuria zikigongana tangu asubuhi mpaka jioni, lakini sauti ya mtu hata siku moja haikusikika.

Aliyetawala ukumbi aliitwa Ndugu Shibe Kandawala, Afisa Mwandamizi wa Milo ya Furaha. Alikuwa na suti ya khaki na kijiko kifuani mahali ambapo wengine huweka kalamu. "Kaya Namba Saba," alisema, "karibuni katika meza ya Taifa. Hapa hatuli ili tushibe. Hapa tunashiba ili tule. Hilo mtaelewa baadaye."

Mlo wa kwanza ulikuwa Mseto wa Umoja. Ulikuwa na rangi ambayo sina jina lake. Mashavu aliutazama, akaweka mikono mapajani, akamwangalia yule aliyeleta.

"Shikamoo. Nani kapika?"

Mhudumu alimwangalia msimamizi wake. Msimamizi alimwangalia mkubwa wake. Swali lilipita meza kwa meza mpaka kwa Ndugu Kandawala, naye akapiga simu mahali. Baada ya robo saa alirudi na jibu limeandikwa kwenye karatasi, akalisoma: "Chakula hiki kimepikwa na wananchi wote kwa pamoja."

"Hao siwajui," alisema Mashavu, na akafunga mdomo.

Nikaandika: mlo wa kwanza, hakula. Mchana, Mseto wa Amani, hakula. Jioni, Mseto wa Mshikamano, hakula. Bibi pia hakula, ila alidai ana saumu. Nilipomkumbusha kwamba jua bado halijazama, alisema basi ndiyo maana hali. Kwa upande wa bibi walioandika sheria walikuwa wamenisaidia: alikuwa na miaka tisini na mmoja, sheria ilimwacha. Sudi alifumba macho na kula wake wote, samaki na macho yake. Ruzuna alikula huku akilia kimyakimya, na kwa kuwa machozi hayakukatazwa, nikampa alama kamili.

Siku ya pili niliona jambo ambalo sikuliandika, kwa kuwa halikuwa na safu yake. Ilipofika saa saba, wale maafisa, na wale wasimamizi kumi na saba, na mratibu wa chumvi, kila mmoja alitoa hotipoti chini ya meza, limefungwa kwa kitambaa kutoka nyumbani. Walikula wamegeukia ukuta. Ndugu Kandawala alikula pilau la mkewe kwa kile kijiko cha kifuani. Nilipomuuliza, alisema wanafanya hivyo kwa kujitolea, ili wananchi wabakiwe na chakula kizuri. Nilimpongeza. Lakini njaa nilikuwa nayo hata mimi, na harufu ya pilau lile ilinifanya nianze kuwa na mawazo.

Mashavu alipelekwa kwenye bembea na kwenye treni. Alipiga makofi kwa kufika. Kwenye Nyumba ya Vioo alijiona mnene, akamwambia mama yake, "Huyu kala, sisi hatujala." Jioni ya siku hiyo, baada ya mlo wa sita, alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa hajala chochote isipokuwa maji, na ndizi moja isiyo na doa ambayo Sudi aliiokota sijui wapi na mimi nikawa natazama bembea.

"Mashavu, mama," Ruzuna alimbembeleza, "funga macho, meza tu. Mara moja. Kwa ajili yangu."

"Nikimeza inarudi, mama."

"Watakuchukua."

"Kama dada?"

Ruzuna alimkumbatia. Akawa ananitazama mimi juu ya bega la mtoto, na daftari langu lilikuwa zito siku hiyo, ingawa kurasa zake zilikuwa chache. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimezoea kuona aibu za watu wengine, na hii yangu sikujua niiweke wapi.

*

Siku ya tatu mchana na jioni vilipangwa kuwa vya sherehe, hivyo milo mitatu ya mwisho ilibanwa ikawa mmoja, wa asubuhi. Ndugu Kandawala alisema huo ni ufanisi. Maana yake ni kwamba Mashavu alikuwa amebakiwa na sahani moja. Gari la Chuo lilikuwa tayari limeegeshwa nje, jeupe, na dereva wake alikuwa akipangusa kioo.

Asubuhi hiyo Mashine ya Kukorogea ya Taifa iliharibika. Mkaguzi wa masufuria alisema imezidiwa na umoja. Wasimamizi walikimbia huku na huku, kamati ya moto ikaketi kikao, na mwisho, kwa mara ya kwanza katika historia ya Bustani, chakula kilitoka kidirishani bila kukorogwa: chai kwenye kikombe, na maandazi kwenye sahani, peke yake.

Kila andazi lilikuwa na kishimo kidogo katikati. Mimi nilidhani ni mhuri wa Serikali.

Mashavu alivuta sahani yake. Alilitazama andazi la kwanza, akaligeuza, akalitazama tena. Aliweka kidole chake gumba kwenye kile kishimo, kikaingia na nafasi ikabaki. Hakuuliza nani kapika. Alilimega, akala. Akala la pili. Alikula bila kupumua, makombo yakimwanguka kifuani, na chai akainywa mpaka tone la mwisho.

Ruzuna alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Mwanangu," alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Umekula."

"Ya dada haya," alisema Mashavu.

"Ya nani?"

"Ya dada Nunu. Langu alikuwa anabonyeza dole hapa, ili baba asilichukue. Sasa kabonyeza yote." Aliangalia meza za jirani, ambako watu walikuwa wakitafuna bila habari. "Sijui kwa nini kabonyeza yote."

Mimi nilijua kwa nini, na ninadhani wote mezani walijua. Mtu asiyejua ndugu zake watakaa meza gani, wala mwaka gani, hubonyeza yote.

Bi Mwanahawa alinyoosha mkono, akachukua andazi moja kwenye sahani ya Sudi. Alilinusa, akalimega kidogo, akatafuna mbele ya macho yangu chakula cha jikoni asikosalimia. Alifumba macho.

"Iliki imezidi," alisema. "Nilimwambia mara mia. Ni yeye."

Sudi alisimama. Ruzuna alimvuta shati akakaa. Wote wanne walitazama ule ukuta mrefu na kidirisha chake cha bati, ambacho kilikuwa kama hatua thelathini kutoka tulipokaa. Chuo cha mkoa wa mbali chenye hewa safi kilikuwa hapo nyuma, na watoto wetu wote waliochagua chakula walikuwa humo wakikipika. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka kwamba mezani kuna mtu wa tano, mwenye daftari.

"Mjumbe," alisema Bi Mwanahawa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "umesikia nini?"

Ningeandika, Nunu angehamishwa kabla ya saa sita, na safari hii hata kishimo kisingeonekana. Nilijua taratibu. Nyingine nilizisaidia kutunga.

"Nimesikia mtoto anakunywa chai," nilisema.

Nikaandika: mlo wa mwisho, amekula. Kwenye safu ya sababu nikaandika njaa. Ruzuna alisoma maneno hayo yakiwa yamepinduka upande wake, na hakusema ahsante, na nilimwelewa. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha nusu ya alichochukua.

Ndugu Kandawala alikuja na kalamu ya kupitisha. "Hongera Kaya Namba Saba," alisema. "Mmeona? Lishe ni nia. Sasa sahani zirudi, zikaguliwe, na mtoto apigwe picha na bembea."

Wakati anasema hayo Mashavu alifanya jambo ambalo hakuna mtu mzima angelifanya, kwa kuwa mtu mzima angeogopa. Kwenye sahani ya katikati kulikuwa na andazi moja lililobaki. Alilimega, akala nusu. Nusu iliyobaki akaibonyeza kwa dole gumba lake mwenyewe, kwa nguvu, kando ya kishimo cha dada yake, kikatokea kishimo kingine kidogo. Akairudisha kwenye sahani, akaiweka vizuri katikati.

"Ya kwake," alimnong'oneza bibi. "Ataona."

Mhudumu alikusanya sahani kabla mtu hajasema neno. Zilipelekwa mbele ya kidirisha, ambako alisimama Mkaguzi wa Makombo, kijana mrefu mwenye glavu nyeupe. Alizikagua moja moja na kuzipitisha. Alipofika kwenye sahani yetu akasita. Aliinua ile nusu andazi kwa vidole viwili, akaionyesha ukumbi mzima.

"Meza namba saba," aliita. "Kuna aliyebakiza. Nani?"

Vichwa vyote vikatuelekea. Nje, dereva wa gari jeupe aliacha kupangusa kioo. Ndugu Kandawala aligeuka, kalamu ikiwa bado hewani juu ya karatasi ya Mashavu, hajaweka sahihi. Macho yake yalishuka mpaka kwa mtoto, kwenye makombo yaliyokuwa kifuani mwake.

Ruzuna alifungua mdomo. Bibi alikuwa anajiinua kwa mkongojo wake, lakini bibi sheria haikumhesabu, na wote tulijua kwamba neno lake halingetosha.

"Ni langu," nilisema.

"Wewe?" alisema Ndugu Kandawala. "Wewe ni mjumbe."

"Limenishinda."

"Limekushindaje? Ni andazi."

"Sikulipenda," nilisema. Neno hilo sikuwahi kulisema katika maisha yangu, na nilishangaa lilivyo fupi. "Lirudishe kwa aliyelipika, alione."

Alinitazama kama mtu anayetafuta nimetumwa na nani. Nami nilimwacha atafute. Mwisho aliinama akaweka sahihi yake kwenye karatasi ya Mashavu, maana kosa lilikuwa limepata mwenyewe na ofisi haikuhitaji wawili. Mkaguzi wa Makombo akairudisha nusu andazi kwenye sahani, akaisukuma, ikapita chini ya pazia la bati.

Nyuma ya ukuta sufuria ziliendelea kugongana kidogo. Halafu moja ikanyamaza, na nyingine, na nyingine, mpaka jiko lote likawa kimya. Ruzuna alikuwa amesimama, amemshika Mashavu mkono, anasikiliza kimya kile kwa mwili wake wote.

Ndugu Kandawala alifungua fomu mpya na kuniomba nitaje jina langu kamili, herufi moja moja. Nikamtajia.